Kofia Nisiyoivua Kanisani

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Nimeamka. Nimeshika kichwa. Kofia ipo. Basi siku inaweza kuanza.

Uji wa ulezi, nusu kikombe. Miguu imevimba, viatu haviingii. Tabibu wa zahanati amesema moyo wangu umechoka, na huenda nisione mavuno yajayo. Nilimshukuru. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, napenda mtu anayejibu swali lililoulizwa.

Kwa kuwa nakufa, hapa nitaandika ukweli. Imani yangu haijapotea. Sina ugomvi na kanisa. Niliacha kusali mwaka jana kwa sababu mwanamume haingii kanisani na kofia, na mimi siwezi kuivua yangu.

Ndiyo hivyo. Ni nywele.

Jumatano, 6 Agosti

Zilianza kutoka tulipohamia hapa, kijiji cha ujamaa. Si upara. Upara ningeupokea kwa furaha, mzee mwenye upara hudhaniwa ana ng'ombe wengi. Hizi zilitoka kwa mabaka. Moja juu ya sikio, jingine utosini, kubwa zaidi kisogoni. Kichwa kimekuwa kama shamba la kijiji lililopaliliwa na watu waliolazimishwa: hapa peupe, pale magugu yamesimama.

Shuleni nilikuwa nakagua vichwa vya watoto. Mwenye mapunye nilimsimamisha mbele, akanyolewa, akapakwa dawa ya bluu. Wenzake walicheka. Sikuwakataza. Sasa naogopa kicheko kile kile.

Ninyoe chote? Huku mtu hunyoa kichwa kizima akifiwa. Majirani wangekuja na kuni na unga, wakauliza maiti iko wapi.

Ijumaa, 8 Agosti

Amekuja Mwinjilisti Yohana. Nilimfundisha kusoma, sasa ananifundisha wokovu. Akasema, "Shikamoo Mwalimu, nimekuja kwa habari ya ufufuo."

Kosa ni langu. Nilipoacha kusali aliniuliza sababu, nikamwambia nina mashaka juu ya ufufuo wa mwili. Lilikuwa jambo la heshima kidogo. Tangu hapo kijana wa watu anasoma mpaka macho yanamwuma. Leo alijibu kila swali langu la zamani, ikabidi nitunge jipya. Nikamwuliza habari ya mtu aliyeliwa na simba, simba akafa, akaliwa na fisi. Mwili utadaiwa kwa nani? Akafuta jasho. Akasema Mungu anajua hata idadi ya nywele zetu. Nikapaliwa na chai.

Mlangoni akasema wazi: asiyerudi kanisani, kanisa haliwezi kumzika.

Mama Robi, mke wangu, alisikia. Hakupika. Alikaa tu jikoni. Anataka tulazwe makaburi ya kanisa, ubavu kwa ubavu, tuimbiwe nyimbo zile zile. Ninamnyima hilo kwa ajili ya kofia. Mimi ni mtu mbaya.

Jumamosi, 9 Agosti

Chacha. Rika moja nami, tulitahiriwa msimu mmoja. Aliacha kusali wiki moja baada yangu. Alisema kama Mwalimu ana mashaka, yeye ni nani asiwe nayo.

Leo amekuja amejaa fahari, bado ananiita mura, kijana. "Mura, nasikia umempiga mwinjilisti kwa fisi!" Kilabuni anawaambia watu, "Sisi tusioamini ufufuo." Nilitaka kumwambia. Nikakohoa badala yake.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeshajaribu mafuta ya taa. Nimejaribu kitunguu, na samli iliyonivutia nzi. Leo magadi, yale tunayowapa ng'ombe walambe. Niliyakoroga kwenye maji, nikajipaka nyuma ya nyumba, nikatundika kofia kwenye ua. Jua lilikuwa zuri. Nikasinzia.

Nikaamshwa na ulimi. Ndama wa jirani. Alikuwa ananilamba kwa bidii ambayo sijaiona katika kazi yoyote ya pamoja kijijini hapa. Nilimsukuma, akarudi. Nikasikia hatua za Mama Robi. Nikanyakua kofia, ndama naye akaishika upande wake. Tulivutana. Nilishinda, lakini moyo ulinipiga mpaka nikadhani ndiyo siku yenyewe.

Nywele hazijaota. Ndama amekaa mlangoni tangu hapo, hataki kuondoka.

Alhamisi, 14 Agosti

Tabibu amepita kunisikiliza kifua. Nikamwambia kuna mtu ninayemfahamu, nywele zake zinatoka kwa mabaka. Akaiangalia kofia yangu, kisha akaangalia ukutani. Mtu mwenye adabu.

Akasema mapunye huacha magamba na ngozi huwasha. Lakini baka likiwa laini kama yai, huenda ni mwili wenyewe umeanza kuzipiga nywele zake, kama mbwa anayembwekea mwenye nyumba. Haiambukizi. Si laana. Si uchafu. Zinaweza kurudi, zinaweza zisirudi. Mtu asijipake kila kitu. Mara nyingi sababu haijulikani. Wengine huanza baada ya mshtuko au huzuni. Akauliza kama mtu huyo alipatwa na huzuni.

Nikasema hapana. Mtu huyo ndiye aliyewahimiza wenzake kuhama. Aliimba kuliko wote.

Alipoondoka nikakumbuka kaburi la mama yangu kule Busawe, tulikohama. Siku nilipobomoa nyumba sikulitazama, nilikuwa naelekeza watu wapakie milango. Sikulia siku ile. Leo nimelia sana, mpaka kamasi zikanitoka.

Jumamosi, 16 Agosti

Mama Robi amenipangia. Kesho baada ya ibada wazee wa kanisa watakuja kuniombea na kunipaka mafuta. Nikauliza yatapakwa wapi. Kichwani. Nikauliza kama mkono hautoshi. Akaketi.

"Baba Robi, una kofia mbili. Ukivaa moja, mimi nafua nyingine. Nywele zilizokuwa zimejaa ndani ulidhani nadhani ni za nani? Za yule fisi wako?"

Nikasema sikujua kwamba anajua.

"Nilikuwa nakungoja useme."

Mwaka mzima amengoja. Hakumwambia mtu. Nimeona aibu nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza. Hii haifunikwi na kofia.

Jumapili, 17 Agosti

Walijaa chumba. Wazee wa kanisa, akina mama, hata Chacha dirishani, amekuja kuona nikiwashinda.

Yohana akafungua chupa ya mafuta ya pamba. Nikavua.

Chacha akaingiza kichwa chote dirishani.

Akamimina. Penye nywele mafuta husimama kidogo, kwangu hayakukuta kizuizi. Yakateleza mpaka machoni. Nikapiga kelele. Yohana akadhani Roho ameshuka, akaitikia kwa sauti kubwa, wote wakaitikia. Mama Robi akaja na kanga, akanifuta.

Nikasema: sina mashaka juu ya ufufuo, sikuwahi kuwa nayo. Niliona aibu ya kichwa changu. Nikawadanganya.

Mama mmoja nyuma akasema, "Hilo tu? Sisi tulidhani una pembe."

Walicheka. Nilikiogopa sana kicheko hicho. Kilipita. Mimi nikabaki palepale kitandani, nikicheka nyuma yao kidogo.

Yohana hakucheka. Akasema taratibu, "Mwalimu, ile ya fisi niliitafutia jibu usiku kucha." Nimemwomba radhi. Nitamwomba tena.

Jumatatu, 18 Agosti

Chacha alikuja ananguruma.

"Mwaka mzima, mura! Nimekosa Krismasi! Nimekosa ubatizo wa mjukuu wangu! Kwa mabaka yako!"

Nikasema ana haki. Akaendelea kidogo, kisha akachoka. Akavuta kigoda.

"Kwa hiyo ufufuo upo?"

"Upo, Chacha."

"Na yule wa simba na fisi?"

"Mwulize Yohana. Ana jibu."

Akataka kuona vizuri. Nikavua. Akanizunguka kama anayekagua fahali mnadani. Akasema baka la kisogoni limekaa kama Ziwa Viktoria, limekosa mitumbwi tu. Nimemwachia amalize. Alistahili.

Jumapili, 24 Agosti

Chacha alinisukuma kwa baiskeli mpaka kanisani. Tuliketi benchi la wanaume. Upepo wa mlangoni ulinipita kichwani, baridi, mahali baada ya mahali. Mkono wangu ulitaka kupanda. Nikaukalia.

Mama Robi alinitazama mara moja kutoka upande wa wanawake. Kisha akaimba.

Baada ya ibada alitaka tupite makaburini. Nilitembea nikimshika bega. Alifika kwenye nafasi iliyo wazi karibu na mti, akaonyesha kwa mguu.

"Hapa wewe. Hapa mimi."

Nikasema upande wangu ndio wenye kivuli, achukue yeye.

"Lala wewe. Jua linakuchoma kichwani."

Sikubisha. Tukarudi nyumbani polepole.