Sentensi Niliyoiongeza

Shuleni, 3 Mei

Mama mdogo,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Nikianza na salamu nitaogopa kulifikia, kwa hiyo salamu zitafuata.

Ile barua ya kumwomba bosi wako akutoe kwenye pasi za mvuke akupeleke kaunta ya kupokea nguo haikwenda kama nilivyokusomea. Nilipokuwa nainakili kwa mwandiko mzuri niliongeza sentensi moja: "Wekundu wa uso wake ni ugonjwa wa ngozi uitwao rosasia, wala hautokani na pombe." Nilidhani nakutetea.

Kumbe bosi hakuwa amefikiria pombe hata siku moja. Mimi ndiye niliyemfundisha. Ulirudi ukasema amekunusa mdomo mbele ya wenzako, na aliyekuchongea ni Chapchap wa meza ya kukunja, kwa sababu yeye tu ndiye uliyemweleza kwamba watu hukudhania mlevi. Nami nilikuwa nimekaa palepale, kitabu usoni. Sikugeuza hata ukurasa.

Shikamoo. Uso unaendeleaje? Bado unaacha chai ipoe mpaka iwe kama ya jana? Krimu ya daktari usiikose asubuhi, na jua la mchana ulikwepe. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Mwanao

Nyumbani, 21 Juni

Profesa,

Marahaba. Sisi wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu uso unawaka. Daktari anasema hasira nayo ni kichocheo, sawa na mvuke na pilipili. Pilipili nimeacha. Hasira sijui naiachaje.

Bado niko kwenye pasi. Naweka kitambaa cha maji baridi shingoni na kusogea dirishani kila nikipata nafasi. Kaunta amepewa msichana mpya, uso laini kama sahani.

Ungeniuliza tu, mwanangu. Uso ni wangu.

Lakini hilo nitalimeza. Linalonikaba ni Chapchap. Miaka sita tumekunja shuka pamoja, yeye pembe hii, mimi ile. Alinifuata: "Shoga, nimekukosea nini?" Nikamjibu, "Uulize mdomo wako." Mwezi wa nne aliacha kazi. Alipokuja kuniaga nilifungulia mvuke wa pasi nisimsikie. Wiki tatu baadaye barua yako ikafika. Simu yake haipatikani.

Sikufukuzi, likizo njoo. Ila barua zangu za kazi nitaandika mwenyewe, na makosa yangu.

Mama yako mdogo

Nyumbani kwa mama, 9 Agosti

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini joto limepungua na mashavu yamepoa. Tulifunga shule Ijumaa. Sijaja kwako kwa sababu nilikuwa na pa kupita kwanza.

Jumanne, siku yako ya mapumziko, nilikwenda pale kwa dobi. Nilimwambia bosi kwamba sentensi ile ilikuwa yangu na wewe hukuijua. Akasema, "Binti, kaunta ina mtu," akaendelea kubandika namba kwenye makoti. Msichana wa kaunta ndiye aliyenifuata nje na kunieleza anakoishi Chapchap.

Nilimkuta uani anaanua nguo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alikunja shuka mbili peke yake kabla ya kunijibu.

"Miezi yote hiyo nimejiuliza niliropoka nini," akasema. "Na wewe ulikuwepo aliponisingizia?"

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo, mama."

"Mpole wa sura, kumbe!" Hakucheka. Nilimwomba aje kwako. Akasema, "Mwambie sina kinyongo. Ila kwake siendi. Nilishamfuata mara mbili, miguu yangu imechoka."

Nilipofika kituoni niligeuka, nikarudi kwa miguu mpaka mlangoni kwake nikiandika njia, kwa sababu simu yake haipatikani na nyumba za mtaa ule hazina namba. Ni mlango wa bluu, wa nne baada ya duka la vioo. Upande wa kushoto una kivuli mpaka saa nne asubuhi, pita huo. Ramani nimeichora nyuma ya karatasi hii. Kisha nikapanda basi, nikarudi, nikamkuta mama jikoni, nikamwambia yote.

Mwanao