Laivu, Bila Pleibeki

Jumatatu, 3 Juni

Wiki imeanza na uongo nao umeanza. Nimeshinda ndani ya gari la matangazo, maiki mkononi, spika juu ya paa, nikiwaambia watu wa mji huu kitakachochezwa ukumbini wikendi. Ijumaa tamthilia — ileile ya mwaka jana! Yule mwigizaji mwenye kitambi anakufa njaa tena, na watu watacheka tena pale pa kulia. Jumapili vijana wenye gitaa la kukodi, hata kukaza nyuzi zake hawajui. Mimi napaza sauti: "Si ya kukosa!" Kwangu kila kitu si cha kukosa. Nyoo!

Lakini Jumamosi ni mama mdogo. Mama mdogo wangu, aliyenilea, aliyekuwa akijaza kumbi kabla ya ile operesheni ya koo. Anarudi jukwaani. Hapo nikisema "laivu, bila pleibeki, anaimba kwa koo lake mwenyewe!" nasema kwa moyo mweupe. Kwa wiki nzima ndilo neno langu moja la kweli.

Jumanne, 4 Juni

Mabango yametoka. Picha ya mama mdogo ni ya enzi za usichana! Nimemwambia promota watu watashangaa. Akanijibu hakuna anayekuja kutazama mikunjo, akapangusa vidole vya mafuta kwenye bango. Huyu tunamwita Manukato. Ananukia tangu mlangoni, na ukimkaribia unagundua marashi yanaficha nini.

Chumba cha wasanii nacho kinanuka mkojo wa panya. Choo hakina maji. Manukato kapulizia marashi yake humo, sasa ni mkojo wa panya waliokwenda harusini. Na hapo ndipo mama mdogo avalie nguo!

Nilimpelekea bango nyumbani. Akacheka hadi akakohoa. "Dada mzuri huyu! Wa kwetu?" Kisha akanisimulia zamani. Ule wimbo wake mkubwa, penye kiitikio, alikuwa ananyamaza kabisa na bendi inazunguka palepale mpaka walioketi nyuma kabisa nao waitikie. Ndipo aendelee. "Wimbo unasubiri watu, mwanangu. Usiposubiri, unaimba peke yako." Nimelisikia hilo tangu utotoni na bado linanisisimua.

Alhamisi, 6 Juni

Uchafu mtupu!

Fundi mitambo kaniita pembeni huku anatafuna. Maiki ya mama mdogo itazimwa. Ni ya kushika tu. Ule wimbo wa zamani, kama ulivyorekodiwa studio, uko kwenye fleshi, na Jumamosi ni kubonyeza basi. Nikamuuliza haoni aibu? "Dada, mimi nabonyeza ninachoambiwa." Akameza.

Nimemvaa Manukato mbele ya watu. Nimemwita mwizi, nimemwita fisi. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Kamuulize mama yako mdogo," akasema, akaendelea kuchokonoa meno.

Nimuulize nini? Maskini hajui lolote! Yuko nyumbani anakunywa maji ya tangawizi kulainisha koo.

Na mchana nikapanda gari. Laivu, bila pleibeki! Dereva akanitupia jicho. Maneno yalinirudi mdomoni yana ladha ya betri. Nikayasema tu. Mtaa mzima, kona hadi kona.

Ijumaa, 7 Juni

Nilikwenda kumwambia. Mlango ulikuwa wazi, redio inapiga ule wimbo. Mama mdogo yuko mbele ya kioo, kitambaa kichwani, mkono kifuani. Mdomo unaimba. Sauti haitoki.

Nilisimama kama mjinga. Wala hakushtuka.

"Afadhali umekuja. Hebu niangalie mabega. Pale pa kuvuta pumzi, yanaonekana?"

Kumbe ni yeye. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwendea Manukato! Operesheni ilichukua ilichochukua, kasema. Chini sauti ipo, inakwaruza lakini ipo. Akipanda, inakatika. "Unataka waje wanionee huruma? Huruma siiwezi."

Nikamwambia ni kuwadanganya watu. Akanigeukia. "Na yule wa kitambi humtangazi? Usinikunjie uso, mwanangu. Sote tunakula hapo."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia Manukato vizuri, kwa raha zangu. Sasa sijui chuki niipeleke wapi. Nimeketi kitandani nikamwangalia mabega. Namwambia hapo umechelewa, hapo sawa. Penye kiitikio nikauliza, na pale pa kusubiri watu? Ile fleshi haisubiri.

"Hapo nitatabasamu," akasema. Akaurudisha wimbo mwanzo.

Najionea kinyaa. Na yeye namwonea. Na ninampenda mpaka inauma.

Jumamosi, 8 Juni

Nyuma ya pazia. Ukumbi umejaa pomoni. Manukato kapuliza tena, macho yanawasha.

Pale mlangoni bibi mmoja alinishika mkono. Amesikia gari langu. "Ni laivu kweli, mjukuu wangu?" Alikuwa akimfuata mama mdogo kila ukumbi. "Mimi mzito wa kuitikia, lakini yule huwa hatuachi nyuma. Huwa anatusubiri." Nimemtafutia kiti mstari wa mbele.

Sasa wameanza wenyewe! Pazia halijafunguliwa, lakini ukumbi mzima unaimba kiitikio. Wanafika mwisho, wananyamaza. Wanamngoja ajibu. Wanaanza tena. Wananyamaza tena. Naisikia sauti ya yule bibi, inaburuta nyuma ya wote.

Fundi ana kidole juu ya kitufe. Manukato anapiga kelele: bonyeza, bonyeza basi! Mama mdogo kainua kiganja. Ngoja. Fundi kangoja.

Natakiwa nitoke nikamtambulishe. Maneno ninayo, nimeyasema wiki nzima. Lakini sijatoka. Nimeketi kwenye boksi la spika, naandika ili nisimtazame mama mdogo. Maiki yake, ile iliyozimwa, ameiweka chini, sakafuni. Anaitazama maiki iliyo mapajani mwangu — yangu mimi, ya kutambulishia. Hii ni nzima, haijazimwa.

Wamenyamaza tena huko nje.