Godoro la Mama na Chumba Kinacholia

Al-Khoudh, Maskati
Shaaban 1425 (Septemba 2004)

Mdogo wangu mpenzi Mastura,

Assalamu alaykum. Nakuandikia nimetoka kusali alasiri, mzima wa afya ila goti langu lile lile. Vipi wewe, vipi kifua cha shemegi, na watoto? Huku joto limeanza kutuonea huruma.

Mwanao Humam, huyu kitinda mimba wangu, kapata wazimu mpya. Chumba alichokuwa akilala marehemu Mama kakifanya studio. Anataka nisome Juzuu Amma, ile ya mwisho ya Kurani, anirekodi, watoto wa ukoo wajifunzie kwa CD. Nikasoma. Aliponisikilizisha, wallahi niliona haya, sauti kama ya mtu aliyetumbukia kwenye tangi la maji. Akasema kosa si langu, chumba ndicho kinacholia. Kuta tupu na sakafu ya marumaru zinairudisha sauti.

Basi akaanza kukipima. Anapasua puto katikati ya chumba, na kompyuta inachora mstari namna sauti inavyokufa. Jirani Wadha akanipigia simu kuuliza nyumba hii kila siku anazaliwa nani! Tukabandika trei za mayai ukutani, kwa kusikia ya watu. Zikapunguza mlio mwembamba tu, ule mvumo mzito ukabaki. Humam akasema mvumo hujikusanya pembeni, na haumezwi ila na kitu kinene, laini, kinachopitisha hewa.

Hapo Shetani akaninong'oneza: sufi.

Ulipokosa tiketi ukakosa na maziko, uliniomba kitu kimoja tu. Nikuwekee godoro la Mama, lile la sufi alilokuja nalo kutoka Unguja, wala nisilianike juani, harufu yake isitoke. Nikakuahidi.

Mastura, nimelifumua. Humam hana kosa, aliniuliza la nani nikamwambia langu. Nikashika mkasi mwenyewe, nikashona mito mirefu, tukaisimamisha pembe zote nne. Puto likapasuka: pa! Kisha kimya. Nikasoma tena, sauti ikatoka nzuri, nikairudia kuisikiliza kuliko inavyomfaa mtu asomaye kwa ajili ya Mungu. Hilo linanichoma zaidi. Na juzi uliposema kwenye simu unakuja kufunga Ramadhani na sie, ukaulizia godoro, n'likwambia lipo. Lipo, ndiyo. Lakini unajua nilivyokudanganya.

Upande wa kichwa mkono ulikataa kuukata. Nimeufunga ndani ya kanga yake, umo kabatini kwangu. CD nimemkataza Humam asitoe hata moja mpaka uje. Ukisema nilishone lirudi lilivyokuwa, nitalishona, chumba kilie kinavyotaka. Ila kabla hujasema, ingia mle peke yako, ufunge mlango, ukae. Kimya utakachokikuta ni cha Mama.

Nibusie wanao, na shemegi mwambie asiache asali na tangawizi.

Dadako anayekutaka radhi,
Shariffa