Mashine iliyozoea kelele zetu

"Futa sauti yangu sasa hivi!" Shoga, hivyo ndivyo Mama Pacha alivyomfokea yule binti wa chuo kikuu, jirani yake, wapangaji wote tumejaa milangoni.

Kumbe binti ameweka kinasa sauti dirishani. Anaifundisha kompyuta kutambua watu wakigombana. Ruhusa aliomba kwa mwenye nyumba, akatusahau sisi wenye midomo. Sisi wenye midomo!

Binti anaikumbatia kompyuta yake. Akifuta, utafiti wote unapotea, na shahada ndiyo basi.

"Na mimi hiyo mashine inanisemaje?" Mama Pacha akauliza.

Binti akageuza kompyuta. Ilikuwa inasikiliza muda wote. Imeandika: mazungumzo ya kawaida, uhakika asilimia tisini na nane.

MAZUNGUMZO YA KAWAIDA, shoga, na mishipa ya shingo imemtoka!

"Kelele zenu za kila asubuhi," binti akasema polepole, "niliifundisha kwamba ni salamu."

Mama Pacha akasoma tena. Akashusha sauti. Mama Pacha, akashusha sauti!

"Ni salamu kweli," akasema. "Basi usifute. Ila kesho upite kila mlango uombe ruhusa. Sasa ingia ule, mwanangu, na hiyo mashine iache nje."