Piano Yangu, Kinanda cha Josiane

Jumanne, 2 Machi 1999
Skeli tena kwenye piano, noti zilezile kupanda na kushuka. Mkono wa kushoto bado mzito. Mama Odila, mwalimu wangu, hakunisifu wala kunikemea. Mwaka wa pili sasa naenda kwake kwenye ukumbi wa parokia nikitoka ofisini, na wimbo ninaoujua mzima ni mmoja.

Nimerudi nikamkuta Josiane, binti wa mjomba, ameweka kinanda chake cha umeme juu ya meza ya kulia. Alikuja nacho kutoka Goma, miezi mitatu iliyopita, alipohamia kwetu. Anabonyeza mahali pamoja, ngoma zinaanza zenyewe. Mama alikuwa anacheza, sufuria ya maharage mkononi. Kwa muziki wangu hajawahi kucheza.

Jumapili, 7 Machi
Josiane amepiga kanisani. Watu wamegeuka kumtazama. Mwalimu wa kwaya amempa nyimbo za Pasaka. Zote. Mimi akaniambia niache piano, maana haitoki ukumbini. Nijifunze kinanda kwa Josiane, niwe msaidizi wake. Ana miaka kumi na saba. Mimi ishirini na mitatu.

Nina wivu. Nauandika usinisonge.

Jumatano, 10 Machi
Nimejaribu kinanda. Uguse kwa upole, ugonge, sauti ni ile ile. Josiane alinielekeza kwa subira. Subira yake ndiyo iliyoniudhi. Lakini ndani ya nusu saa nilipiga wimbo mzima, na Mama akachungulia mlangoni akitabasamu. Nafikiria kuacha piano.

Ijumaa, 12 Machi
Nilikuwa naanika nguo. Josiane akanifuata uani. Huniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, uniombee kwa Mama Odila. Mi nataka kujifunza piano. Hii kinanda inacheza yenyewe, mi niko nafuata tu."

Nimesema nitauliza. Kila kitu anacho. Sasa anataka na hicho.

Jumanne, 16 Machi
Sikuuliza. Nimemwambia Josiane kwamba Mama Odila amekataa, hana nafasi. Akasema bon, haina neno, akaenda kumenya viazi. Nilitegemea nafuu. Sijaipata.

Jumamosi, 20 Machi
Josiane na Mama Odila wamekutana sokoni asubuhi. Josiane akamsalimia, akamwambia anaelewa kwamba nafasi hakuna. Mama Odila akashangaa. Nafasi gani?

Nilipofika kwenye somo hakuniacha niketi.

"Umenisemea neno ambalo sikulisema. Kwa nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba namwonea Josiane wivu. Sikulia. Akasema saa zake ni chache. Josiane akija, itabidi tugawane saa yangu. Au niende kwenye kinanda, kwaya inanihitaji, na hilo si aibu. Nichague mwenyewe.

Jumatatu, 22 Machi
Nimemwomba Josiane msamaha, jikoni, Mama akisikia. Akafunika sufuria, akasema:

"Ungeniambia tu haupendi nikuje."

Basi. Hakuniita yaya. Imeniuma kuliko kama angenitukana.

Jana usiku sikulala vizuri, ila nimeamua. Piano. Nusu saa yangu, nusu saa yake. Kwenye kinanda nilipenda kutazamwa. Kwenye piano hakuna anayenitazama na bado nataka kurudi. Nikigusa taratibu, inaitika taratibu. Mwalimu wa kwaya amenuna. Anune.

Jumapili, 4 Aprili
Pasaka. Josiane amepiga nyimbo zote. Mimi nimeimba na kwaya, mstari wa tatu, sauti ya pili. Alikosea mara moja, nikafurahi kabla sijajizuia. Nikaona aibu. Mwishoni wanawake walipiga vigelegele, Mama akiwa wa kwanza.

Wivu haujaisha. Sitajidanganya.

Jumanne, 6 Aprili
Mvua tangu asubuhi, ziwa halionekani kutoka ukumbini. Josiane alianza yeye somo. Nilimsubiri kwenye benchi, nikasikiliza. Alipomaliza nilidhani ataondoka. Dirisha halifungiki vizuri, upepo ulikuwa unapeperusha kurasa zangu. Akarudi, akanishikia kitabu.

Nilipiga hadi ukurasa wa pili, yeye akiwa bado amekishika.