Nilivyomkana Mama Mbele ya Kibanda Chake

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Katubuka.

Upepo wa ziwani umevuma tangu asubuhi na nyumba nzima ina mchanga. Watoto wako sebuleni wanacheza mdako kwa kokoto walizookota, kuoga hawataki hata kusikia. Wamefurahi. Mimi ndiye nimerudi na aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Tulikwenda kupiga kambi ufukweni, karibu na Ilagala: mimi, mume wangu, wanetu Neema na Baraka, wifi yangu Stella, na mama yangu mzazi. Nilijiandaa utadhani mwalimu wa zamu. Nilikuwa na orodha ya michezo: rede, kuruka kamba, kurusha vijiwe virukeruke juu ya maji, watoto wajipikie ugali wenyewe. Tumefika, mume wangu anafungua hema la kuazima, kumbe kabeba kitambaa kitupu. Vyuma kaviacha nyumbani. Nikanuna.

Mama alichukua panga, akakata miti myembamba, akaipinda na kuichimbia chini, akaifunga kwa magome, akatandaza juu yake turubai tulilofunikia mizigo. Kisha akachimba mfereji mdogo kuzunguka, mvua ikinyesha maji yasiingie. Chai ilikuwa haijachemka na kibanda kimeshasimama. Baraka akawa anaingia anatoka, anaingia anatoka.

Orodha yangu ikafa palepale. Mama aliwapa watoto kipande cha nailoni kila mmoja, wajenge vya kwao. Sharti moja tu: Bibi atamwaga ndoo ya maji juu, na aliye ndani asilowe. Baraka alilowa mara tatu na akaomba alowe tena. Sijawahi kuwaona wanangu wakicheka vile.

Stella naye alicheka mpaka akafuta machozi. Ndipo akauliza, "Mama, haya mambo ulijifunza wapi?"

Watoto wakamgeukia bibi yao. Mama akafungua mdomo, bado anatabasamu.

Nikamuwahi. "Ni vibanda vya shambani huko Kasulu. Walikuwa wanalinda mahindi, nyani wasile."

Mama alinitazama kidogo. "Ndiyo," akasema. "Shambani."

Hapa mnaonisoma hamnijui, kwa hiyo niseme. Mimi ni Mrundi. Nilivuka mpaka nina miaka sita, nimeng'ang'ania kanga ya mama. Nilikulia katika kambi ya wakimbizi, chini ya turubai alilolifunga yeye, na mfereji kama ule ule kuzunguka. Mume wangu anajua. Ukweni wanaamini sisi ni Waha wa Kasulu, maana Kiha na Kirundi vinakaribiana mno, mama akiongea hakuna anayeshtuka. Nilianza uongo huu kabla ya harusi, siku niliyomsikia Stella akiwasema vibaya wakimbizi sokoni Kibirizi. Baadaye nikajiambia nafanya hivi kwa ajili ya watoto, wasije wakataniwa shuleni.

Huo nao ni uongo. Ni mimi niliyekuwa naona haya.

Na mama amenibebea uongo huu miaka yote bila kunilaumu hata siku moja. Jana alikuwa na furaha, wajukuu wamemzunguka, anaulizwa kitu anachokijua kuliko sisi sote. Nikamnyang'anya mdomoni.

Leo asubuhi tulikuwa wawili tu ziwani, tunaosha sufuria. Nikaanza kujitetea: mama, unamjua Stella, ana mdomo, tusingelala. Nilisema mengi. Yeye aliendelea kusugua masizi kwa mchanga. Nilipomaliza, akaniambia kwa Kirundi, taratibu, wala hakuwa na hasira:

"Mwana wanje, na baba yako? Naye niseme alizikwa shambani?"

Nilijiona mdogo kama kidonge cha piritoni.

Baba alikufa kwa malaria, mwaka wetu wa pili kambini. Kila mwaka mama huenda kupalilia kaburi lake, na wanangu huwa nawaambia Bibi kaenda kusalimia ndugu. Neema ana miaka tisa na hajawahi kuniuliza jina la babu yake. Nimemzoesha kutouliza, Mungu anisamehe.

Nilipokaa kuandika nilitaka kumalizia kwamba kesho nitawaambia. Lakini Stella bado yupo, anakunywa chai na mama huko sebuleni, na najijua. Nangojea aondoke. Akishaondoka nitawaambia watoto wasimwambie shangazi yao, na nitakuwa nimewafundisha na wao uongo wangu.

Baba yangu aliitwa Gaspari. Alizikwa kambini. Kuandika nimeweza. Sasa natoka kwenda sebuleni, niyaseme maneno hayo hayo wote wakiwapo.