Komando alilowesha matela, lawama ikamupata mama-mukwe

Maman Agathe, ninakuandikia na haya mingi, unisaidie mbele nyumba yangu iharibike. Niko baba wa familia hapa Muhungu, na mwezi uliopita tonton Bruno, mjomba wangu, alinipa mutoto wa imbwa wa miezi mbili, nikamuita Komando juu nilitaka achunge parsele, kiwanja ya nyumba yetu, bibi yangu Ornella akakubali ila asilale kwa chumba yetu, basi analala saloni, pale tunapokea wageni, na kila usiku alikuwa analia, mimi ninamuwekea bakuli ya maji yenye kujaa ili anyamaze, na kweli ananyamaza, anakunywa yote. Sasa mama-mukwe wangu, Maman Micheline, akakuja kutoka Nyangezi kutunzwa macho kwa hospitali, tukamutandikia matela, godoro ya wageni, palepale saloni. Siku ya tatu asubuhi, matela imelowa. Nilikuwa nimeamuka wa kwanza, nilimuona Komando akishuka pale juu, lakini Ornella akaingia, akamuuliza mama yake polepole, "Maman, ulishindwa kuamuka?" Naye akaangalia chini, akasema, "Mwanangu, labda ni uzee, sikusikia kitu." Na mimi nikanyamaza, Maman Agathe, nikavaa viatu nikaenda kazini! Imerudia mara mbili. Mama-mukwe ameacha kunywa hata chai kuanzia saa kumi, midomo imekauka, na jana akasema anarudi Nyangezi mbele ya kumaliza matunzo, juu hataki kumupatisha mutoto wake haya. Bakuli sijaondoa, ninaogopa Komando ataanza tena kulia usiku. Nifanye nini?

Honoré

Papa Honoré,

Nilicheka, sitakudanganya. Kisha nikamuwaza ule mumama anakaa na kiu munyumba ya mukwe wake, na imbwa anamaliza bakuli nzima. Nikaacha kucheka.

Komando hana kosa. Ni mutoto. Ukimujaza maji saa ya kulala, unataka ayapeleke wapi?

Leo jioni, mbele ya chakula, simama useme: "Ni imbwa. Nilimuona, nikanyamaza." Usianzie mbali kwa tonton Bruno. Kisha umimine chai, umupe Maman Micheline kwa mikono yako mbili.

Muchana imbwa anywe anavyotaka, usimunyime. Lakini kama munalala saa ine ya usiku, saa mbili ondoa bakuli. Mbele ya kufunga mulango umutoe inje, ungoje mpaka akojoe, umusifu palepale. Katikati ya usiku umutoe tena mara moja, bila michezo, juu kibofu yake ingali ndogo. Tega telefone ikuamushe wewe, hapana Ornella. Ukikuta imbwa amekosea, usimupige, hataelewa ni juu ya nini. Matela uisafishe na vinegre, ile siki ya jikoni, uianike kwa jua. Akisikia harufu yake atarudi palepale.

Na kuanzia leo Maman Micheline analala kwa chumba, pamoja na binti yake. Wewe unalala saloni na imbwa yako.

Mama-mukwe akikukaripia, pokea. Akicheka, ngoja amalize kwanza.

Maman Agathe